Katuni za Kimeu Sikuzirudisha

Kuna siku moja ya mavuno naikumbuka, mwanangu, hata makofi yake nayasikia mpaka leo. Ilikuwa kanisani kwetu Kabati, mwaka wa kiangazi, na mimi nilikuwa kijana wa mguu mmoja mzima na mwingine wa kuburuta.

Mguu huo ni kazi ya Muthengi. Namtaja kwa jina kwa sababu hajawahi kuomba msamaha. Alikuwa na lori la mchanga, akatupeleka kuchimba chini ya ukingo wa mto ambao kila mtu alijua umelegea. Ukatuangukia. Wenzangu wawili hawakutoka. Muthengi aliwasha lori akaenda zake, na mchanga akauza.

Nililala kitandani karibu mwaka mzima. Shule niliacha darasa la tatu, na kusoma kwangu kulikuwa kwa kuokota herufi moja moja. Jirani yetu Mama Mwende ndiye aliniletea magazeti ya katuni ambazo mume wake, Mzee Kimeu, alikuwa akichora zamani, yakichapishwa Nairobi. Ilikuwa hadithi ya Nzioki na punda wake mkaidi. Naangalia picha kwanza, nakisia maneno yaliyo kwenye lile puto juu ya kichwa cha Nzioki, halafu nasoma polepole nione kama nimekisia vizuri. Hivyo ndivyo nilijua kusoma. Punda alinifundisha, na sioni haya kusema.

Kimeu akafariki. Ndugu yake akauza magazeti yaliyobaki kwa kilo, kwa Musyimi mwenye hoteli, naye Musyimi akafungia mandazi. Kabati yote ilikula mandazi kwa Nzioki, ikajipangusa mafuta na kumtupa. Leo gazeti moja kama hilo likipatikana, watu wanalipigania.

Sasa hiyo siku ya mavuno. Unajua desturi yetu: kila mtu analeta kile shamba limempa, ndengu, kuku, miwa, na baada ya ibada vitu vinapigwa mnada hapo nje. Na ukinunua unarudisha, kitu kiuzwe tena, kanisa lipate zaidi. Kuku mmoja ananunuliwa na nusu ya kanisa na bado ako mikononi mwa dalali. Basi shamba la Mama Mwende halikuwa limetoa hata ganda. Akaleta bahasha kubwa ya kaki. Ndani mlikuwa na kurasa zenyewe, zile Kimeu alichora kwa mkono wake kabla hazijafika kwa mashine. Ukiziinamia unaona penseli chini ya wino, na rangi nyeupe pale alipokosea sikio la punda akalichora upya.

Kyalo, dalali wetu, akazipepea kama mtu anayefukuza nzi.

"Nani anataka punda wa karatasi? Huyu hali nyasi, hanywi maji!"

Watu wakacheka. Mama Mwende akaangalia chini.

"Lete huku," Musyimi akasema. "Mandazi ya kesho hayana nguo."

Musyimi akataja bei, nikapandisha. Akapandisha, nikapandisha, mpaka mfuko wangu ukaisha. Nikasema, "Naongeza mbuzi." Nilikuwa na mmoja tu, nilimweka auzwe nipate dawa ya mguu.

Kyalo akapiga meza. "Mbuzi imeshinda! Na kijana wa Ndunge... amerudisha!"

Makofi, mwanangu! Akina mama wakapiga vigelegele, pasta akanitikisia kichwa kwa furaha. Mimi, huyo kijana wa Ndunge, sikuwa nimesema narudisha. Lakini tangu mguu uvunjike hakuna mtu alikuwa amenipigia makofi, na nikajikuta natabasamu kama mjinga. Musyimi alikuwa ameshainua mkono tena.

Mama Mwende akasimama. "Wewe kijana wa Ndunge, umerudisha?"

"Si ndio desturi, mama?"

"Mimi nimempa Mungu. Wewe umemlipa mbuzi. Amebaki akidai nini? Hawa wakichoka kupiga makofi wataenda kula. Na wewe utaenda na nini?"

Nikaburuta mguu mpaka mezani, nikachukua bahasha. "Sirudishi."

"Ati nini? Hata bibi ya pasta hurudisha!" Kyalo akasema.

"Yeye hurudisha kuku. Kuku wengine wataanguliwa. Aliyechora hizi tumemzika."

Musyimi akadakia. "Mwacheni aende akapike supu ya punda!" Kuanzia hapo nikaitwa mchoyo wa kanisa, na jina hilo likanifuata mpaka Kathonzweni nilikohamia.

Lakini kurasa hizo nimekaa nazo. Ziko kwa sanduku la bati, na majani ya mwarobaini ya kufukuza wadudu. Mwaka juzi nilialikwa kwa mnada wa picha Nairobi. Gazeti moja la Nzioki, lenye doa la mafuta pembeni, liliwafanya watu wa suti wainuke kwa viti wakishindana bei. Kisha msichana mmoja wa mnada akavaa glavu, akafungua bahasha yangu, akaita wenzake wote. Akaniambia kurasa zingine za mkono wa Kimeu hazijulikani ziko wapi, kama ziko. Wakaniomba niuze. Nikawaambia waangalie mpaka macho yashibe, halafu wanifungie nirudi nyumbani. Wajukuu wa Mama Mwende huja kwangu kuona vile babu yao alikuwa akishika kalamu. Hakuna bei ya hiyo.

Kwa hivyo sikiliza, mwanangu. Toa, na utoe kwa moyo wote. Lakini usitoe kwa sababu watu wanakutazama. Kitu ukikijua thamani yake na ukikilipia kwa jasho, sema ni chako, hata kama kanisa lote limekwisha kupiga makofi. Watakuita mchoyo. Waache. Wengi wao hawakuinama kuona penseli chini ya wino.

Mungu akupe macho ya kuinama karibu, akupe mguu wa kufika mezani hata kama unaburuta, na akupe mkono usiofunguka kwa kelele.