Kompyuta Yangu Ilimtoa Bi Nadhira Kazini

Kompyuta yangu ilimfukuza mtu kazi, na muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa ananimiminia chai.

Msicheke. Nnawaambia la kweli.

Miye naitwa Simai. Ofisi yetu iko Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, tunatengeneza programu za hoteli ndogondogo kupokelea wageni. Sisi vijana tunaandika, Bi Nadhira anakagua, ndipo kazi inakwenda kwa mteja.

Bosi wetu, Ghanim, kachoka na kuchelewa.

"Simai, kila kazi yatuchukua siku kumi na mbili. Kwa nini?"

Nikamwambia nipe wiki mbili. Nikaijenga ofisi nzima ndani ya kompyuta, ofisi ya kuigiza. Kila mtu na meza yake, kila kazi na siku inazokaa mezani hapo. Unabadilisha kitu kimoja, unabonyeza, mwaka mzima unapita kwa dakika moja, unaona kipi kimeharakisha.

Wallahi nilijiona bingwa.

Siku ya kuwaonyesha wenzangu, Bi Nadhira kaja na birika lake la chai ya tangawizi. Yeye ni umri wa mama yangu. Akanimiminia wa kwanza.

"Kunywa mwanangu, usije ukakaukwa na koo mbele za watu."

Nikabonyeza. Ukutani pakatokea namba zote nilizojaza, na foleni nyekundu ya kazi imerundikana kwenye meza moja. Ya kwake.

Nikaiondoa meza ile. Siku kumi na mbili zikawa saba.

Ghanim akakohoa.

"Bi Nadhira, si miye nnayesema. Ni kompyuta."

"Kheri, inshallah," akajibu. Mwisho wa mwezi akaondoka.

Wiki ya tatu tangu aondoke, balaa likashuka. Hoteli ya mteja wetu mmoja kule Mangapwani, programu yetu imewapa maharusi na familia ya watoto wanne chumba kimoja! Kesho yake likazuka jengine. Simu haziishi. Ghanim akanituma nitafute chanzo.

Nikafungua kumbukumbu za programu, zinazoonyesha nani kabadilisha nini. Kumbe makosa tulikuwa tunayafanya siku zote, ila Bi Nadhira akiyatengeneza mwenyewe kimya kimya, hamrudishii mtu. Kwetu kumsitiri mwenzio ni adabu. Zile siku zilizorundikana mezani kwake zilikuwa za kunyoosha kazi zetu.

Makosa arubaini na moja kwa mwaka. Ishirini na tisa yangu miye.

Sasa hapa ndipo roho inaponiuma. Mtasema masikini Simai, hakujua.

Nilijua.

Nilipokuwa naijenga ile ofisi ya kuigiza, kuna mahali pa kujaza: kazi ngapi hukutwa na makosa? Rekodi ya kazi zilizorudishwa ilisema sifuri, kwa kuwa hakuwahi kurudisha hata moja. Lakini mara kibao kaniita pembeni: "Simai, pale palikwenda kombo, nshapanyoosha. Usijali." Nikaona haya kuyaandika makosa yangu. Nikajaza sifuri. Basi kompyuta ikaona mkaguzi hana anachokamata, anachelewesha tu.

Ijumaa baada ya sala nikamfuata nyumbani kwake Michenzani. Nikasema yote, machozi yananitoka.

"Nisamehe, Bi Nadhira."

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ile sifuri nliiona palepale ukutani, Simai. Nkangoja useme."

Nikainamisha kichwa.

"Miye nlikusitiri. Wewe ukanianika mbele za watu. Leo waja kuniomba radhi sebuleni, tuko wawili tu?"

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatatu nikasimama ofisini, nikaeleza kila kitu mbele ya wote. Ghanim hakunitazama usoni. Akampigia simu Bi Nadhira arudi. Bi Nadhira akashukuru, akakataa.

Na leo nnaandika hapa kwa jina langu, wasomao wasome.

Kompyuta huamini unachoilisha. Ukitaka kupima kazi za watu, anza na aibu yako mwenyewe, kisha kawaulize wale wasiolalamika wanabeba nini.

Bi Nadhira nikimwamkia huitika, "Marahaba, mwanangu." Ila ile radhi, mpaka leo hajatamka kama kanipa.