Pete ya Sukari

Daktari wa nusu kaputi katika hospitali moja ya mji wa Szeged, Hungaria, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono ya baridi, na kabla ya kumgusa mgonjwa aliipasha joto kwa kuikalia. Muuguzi Ibolya alikuwa amefanya naye kazi miaka mingi. Kila dawa aliyoidunga, daktari huyo aliitaja jina kwa kunong'ona, na chupa yake aliigeuza mpaka maandishi yamtazame.

Asubuhi moja walimlaza kwenye meza ya upasuaji mzee mmoja, mkulima wa pilipili. Dawa ya kulegeza misuli ilipomwingia kifua kikasimama, na mpira wa kupumulia ukagoma kupita kooni. Wakajaribu barakoa ya oksijeni, hewa haikupita. Midomo ikaanza kuwa ya buluu.

"Tumpasue koo!" daktari wa upasuaji alifoka.

"Shika kisu, lakini ngoja," alisema daktari wa nusu kaputi polepole. "Ibolya, nipe ile dawa, ile pete ya sukari."

"Itawahi, daktari?"

"Molekuli yake ni pete ya sukari yenye tundu katikati. Dawa ya kulegeza niliyompa inaenea humo barabara, na ikishaingia imenaswa, misuli inaamka. Ingekuwa dawa nyingine, ingepita tu."

Akadunga. Wote wakakitazama kifua. Bega likacheza, mzee akavuta pumzi kwa kukoroma, akakohoa, akafumbua macho na kumwangalia aliyemwinamia.

"Ng'ombe we!" alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Unaniua!"

Daktari akacheka, mkono wake ungali chini ya taya la mzee.

"Nitukane tena, baba," alisema. "Tukana kwa nguvu."