Aliyemtolea Mwende Damu

Mimi si mtu wa kuamini mizimu, na kanisani kwetu wakinisikia watanikanya. Lakini haya yalinipata mwenyewe, mchana kweupe, mjini Kitui, miaka ya themanini. Ukitaka kucheka, cheka, mimi nilikuwepo.

Binti yangu Mwende alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi, malaria imemmaliza damu. Daktari akataka jamaa watoe. Mke wangu alikuwa mjamzito, hakuruhusiwa. Ndugu zangu waliiona ile sindano, mara wakakumbuka ng'ombe hawajanyweshwa. Nikabaki mimi. Na mimi, niseme ukweli? Nilijifungia chooni. Baba mzima!

Nilipotoka nilikaa kwenye benchi nikilia kwa aibu. Mzee mmoja wa kofia nyeupe, mfanyabiashara wa mbuzi kwa harufu yake, akanipa mkono. Ulikuwa baridi kama maji ya mtungini.

"Hata mimi nililala hapa," akasema. "Enda ukae na mtoto, umshike mguu, umwongeleshe. Hiyo damu wachia mimi. Mimi ni Abdi wa Zombe."

Nikaingia. Nikamweleza Mwende habari zote za nyumbani, hata za mbuzi aliyezaa mapacha. Baadaye nesi akaleta chupa imejaa.

"Yule mzee ametoa," akasema. "Tumepima, inamfaa."

Jioni Mwende akafungua macho, akaomba uji. Mzee hakuonekana tena.

Mwezi uliofuata nilimpeleka Mwende kijijini Zombe, pamoja na beberu wa kushukuru. Tukaonyeshwa nyumba. Nilipomtaja Abdi, mama aliyetufungulia mlango akakaa chini.

"Mume wangu ako kaburini mwaka wa pili," akasema. "Alikufa hospitali hiyo, damu ikikosekana. Sisi wote tulikuwa mbali."

Nywele zilinisimama, niamini. Yeye hakuogopa. Alimvuta Mwende, akaweka vidole penye mshipa wa mkono, akausikiliza ukipiga. Kisha akamsalimia mumewe: "Asalaam aleikum, Baba Halima."

Mwende sasa ana watoto watatu. Kila Idi tunaenda Zombe, na yule mama humshika mkono kwanza ndipo atukaribishe ndani. Nashukuru hadi leo, na siku hizi hutoa damu, ingawa sindano bado naiogopa.

Wewe unayenisikiliza, siku nesi akiita jamaa wa mgonjwa, usikimbie. Mimi nilimpata marehemu mwenye huruma. Usitegemee kwamba wako atakuja.