Jumapili Aliyoikosa Brashi

Brashi alikuwa fundi rangi, na jina hilo alipewa na wenzake kazini kwa sababu brashi haikumtoka mfukoni hata siku ya harusi ya dada yake. Mtu mzima, mvi zimeshaanza kubisha hodi, halafu amekaa kwenye benchi la kantini anafundishwa Kiingereza! Afanyeje? Mwajiri alikuwa ameshasema hakuna fundi atakayepandishwa kuwa msimamizi kama hawezi kuongea na wahandisi wageni. Basi kila Jumatatu kazi ikiisha, mafundi walijazana pale, mikono ina rangi na saruji, wakimsikiliza mwalimu mmoja mwanamama asiyejua mzaha.

Siku hiyo somo lilikuwa kukanusha mambo yaliyopita. Mwalimu alikuwa na mtindo wake: kila mtu ataje jambo moja ambalo hakulifanya jana, na liwe la kweli. Kisha darasa zima linairudia sentensi yake likimnyooshea kidole mwenyewe: yeye hakufanya hivi, yeye hakufanya vile. Mwashi alisema hakuoga. Watu wakacheka mpaka vikombe vikatikisika. Fundi umeme hakufanya kazi, seremala hakula nyama. Maneno mepesi yakaisha, na kurudia la mwenzio ni marufuku. Kati ya vitenzi alivyoviandika mwalimu ubaoni kikabaki kimoja tu: kutembelea.

Brashi akasimama, jasho linamtoka. Neno jingine alilokuwa na hakika nalo lilikuwa mama. Akaunganisha alichonacho, polepole, bila kuteleza popote: jana sikumtembelea mama yangu.

"Safi kabisa!" Mwalimu akapiga makofi. "Haya, wote!"

Wanaume wazima na ndevu zao wakamnyooshea vidole na kupaza sauti kwa Kiingereza kwamba yeye hakumtembelea mama yake. Wakarudia tena. Aliyenyamaza ni mmoja tu, fundi bomba wa benchi la nyuma, shemeji yake, mume wa dada yake.

Maana mama alikuwa amelazwa hospitali, na zamu zilikuwa zimegawanywa: siku nyingine zote za wiki ni za dada, Jumapili ya Brashi. Moja tu, jamani! Na Jumapili hiyo Brashi alikaa kwenye mchezo wa drafti mpaka saa za kuona wagonjwa zikampita. Jioni dada akapiga simu, naye bila haya akajibu, "Nimetoka kwa mama sasa hivi. Hajambo, anakula." Shemeji alikuwa palepale kando ya mkewe, akasikia kila neno.

Walipotoka nje kupunga upepo, shemeji akamshika mkono. "Njia ya mwongo fupi, shemeji. Mke wangu jana kalala usingizi, mara ya kwanza tangu mama alazwe. Alisema, kaka yupo."

"Tafadhali, usimwambie."

"Mimi simo. Lakini muda huu yuko njiani anakwenda hukohuko hospitali."

Aibu ilimpanda Brashi mpaka masikio yakawaka moto. Hakurudi darasani. Alitoka mbio na ovaroli lake la madoa, amtangulie dada. Tena si kwa wema, tusidanganyane. Alitaka kumwomba mama asimwumbue.

Akamkuta ameegemea mto, amepungua, macho mlangoni.

"Mama, jana nili..."

"Kaa," mama akamkatiza. "Dada yako alinipigia asubuhi kwenye simu ya muuguzi, akaulizia ulivyokuja jana. Nimemwambia ulikuja, ukakaa sana, hata kucha ukanikata." Akanyoosha mikono juu ya shuka. Kucha zilikuwa ndefu. "Mkasi uko kwenye droo. Fanya haraka, mwanangu, hajafika."

Brashi akakata. Alikuwa amezoea kuta na dari, si vidole vyembamba namna ile. Ndio kwanza amemaliza, vipande bado viko kiganjani, dada akaingia. Brashi akavisukumia mfukoni.

Dada akamsalimia mama, akaishika mikono yake, akaitazama.

"Ee kaka! Hata mimi, mtoto wa kike, kucha sikuzikumbuka. Mungu akulipe."

Brashi akafungua mdomo aseme ukweli. Mama akauchomoa mkono mmoja, na chini ya ukingo wa shuka akamminya vidole kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, nazo hazikuwa nyingi. Brashi akaufunga mdomo, na dada akaendelea kumshukuru.