Filamu Iliyofaa Watu Wote

Mama yangu alipigwa picha mara moja tu maishani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeiona. Naanza na hilo kwa sababu wajukuu wakinisikia nalalamika juu ya sinema hunicheka, wanasema bibi naye, analilia filamu. Wacheke. Hawamjui mama yangu, na hata nikitaka kuwaonyesha sina cha kuwaonyesha.

Studio ya picha ilikuwepo Singida mjini. Ulikaa kwenye stuli mbele ya pazia la maua, ukaambiwa usipepese macho. Kila mwaka baba alisema tukishavuna karanga tutakwenda wote, na kila mwaka likatokea jambo, mara jembe limevunjika, mara ndama amekufa. Mama hakuwahi kudai. Alikuwa akisema, "Uso wangu haukimbii, baba watoto." Nikikumbuka neno hilo mpaka leo moyo unaniuma.

Watu wa sinema walikuja wakati wa kuhamia kijiji cha Ujamaa. Tulikuwa tukiishi mbali na barabara ya Ihanja, kila familia na tembe lake na mashamba yakilizunguka, na sasa tulitakiwa tukae pamoja tupate shule, zahanati na maji ya bomba. Kuna walionung'unika, siwezi kusema hapana. Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyenung'unika. Baba alikuwa mwanachama mzuri tu, na mama alikuwa amechoka kuchimba maji kwenye mchanga wa mto. Aliposikia neno bomba alianza kufunga vyungu kabla hajaambiwa siku.

Siku yenyewe ya kuhama, baba alikuwa juu ya tembe anang'oa miti ya paa, maana miti tulikwenda nayo tukajengee. Chini yake, ndani ya nyumba hiyohiyo inayobomolewa, mama alikuwa amepiga magoti na karai la mavi ya ng'ombe anasiriba sakafu. Udongo wa paa unamdondokea kichwani, naye anasiriba! Baba akamwambia toka, utaumia. Mama akajibu kwamba hawezi kuacha nyumba chafu. Ndivyo alivyolelewa na mama yake: mahali ulipolala, ukajikinga na mvua, ukazalia watoto, unapaaga kwa kupasafisha. Asiyefanya hivyo, bibi alikuwa akisema, huko aendako atapokelewa kama mgeni aliyeondoka bila kushukuru.

Hapo ndipo akatokea kijana wa kamera. Walikuwa watatu kwenye Landrover, wanatengeneza filamu ya vijiji vipya, na huyu ndiye aliyebeba mashine begani. Alimwona mama akasimama mlangoni kama aliyeokota kitu. Akaomba ruhusa kwa adabu, akapewa, akaanza kupiga.

Mama akamwambia, "Wewe baba, umetoka Dar es Salaam kote huko kuja kupiga picha mavi ya ng'ombe? Kwenu ng'ombe hawanyi?"

Tulicheka sote, hata baba huko juu. Kijana akamsihi, "Endelea tu mama, usinitazame." Mwanamke anaambiwa usinitazame! Basi mama akainua uso akamtazama sawasawa, akajifuta jasho kwa kiwiko, akajipaka mavi kwenye paji la uso, akacheka meno yote nje. Kijana alikipiga kile kicheko mpaka mwisho. Alipoaga alisema filamu ikiwa tayari itarudi, tutaiona.

Mama alikufa kwenye masika yaliyofuata, homa ya siku chache. Mto ulikuwa umejaa ukingo kwa ukingo. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa ng'ambo ya pili, alipelekewa habari kwa kelele za watu kuitana kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Hakuweza kuvuka. Tulimzika mwanawe yeye akiwa amekaa upande wa pili, na maji yalipopungua akaja akakuta udongo. Hakulia. Aliuliza tu, "Mlimfunika lini uso?"

Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji alipotangaza kwamba gari la sinema linakuja Ihanja, na kwamba filamu yenyewe ni ile ya kwetu, baba aliingia ndani. Alitoa koti lake la harusi sandukuni akalianika. Kisha akaniita. Nilikuwa binti mkubwa, nakaribia kumaliza darasa la saba. "Nenda kwa bibi yako," akasema. "Mwambie mwanawe anakuja."

Lo, maneno hayo! Lakini ndivyo alivyoyasema, na ndivyo nilivyoyafikisha. Bibi alisikiliza, akaingia ndani, akatoka na kanga ambayo haijawahi kuguswa na maji. Njia nzima alitembea mbele yangu, mtu mwenye miguu mibovu, nami nikimkimbilia.

Sasa, kwetu mama mkwe na mkwewe mwanamume hawakai mahali pamoja. Hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini, na wakiwa na la kuambiana humtuma mtoto katikati. Si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa. Baba na bibi walipendana sana kwa namna hiyo, miaka yote, bila kuonana nyuso.

Tulipofika uwanjani, baba alikwisha kukaa mbele na wazee. Kitambaa cheupe kilikuwa kimetandazwa kati ya miti miwili iliyochimbiwa. Bibi akamwona mkwewe, akajifunika kanga, akarudi nyuma. Watu walimwambia, mama, leo ni sinema, nani atakutazama? Akakataa katakata. Mtu mmoja ndiye aliyesema kwamba hata nyuma ya kitambaa picha inaonekana, ila tu mkono wa kulia unakuwa wa kushoto. Bibi akafurahi. Tukaenda nyuma, mimi na yeye peke yetu na mbuzi wa watu.

Giza lilipoingia jenereta ikanguruma. Kwanza yakaja maandishi, nikamsomea, kwa shida maana yalikuwa yamegeuka: filamu hii imepitishwa, inafaa kutazamwa na watu wote. Nakumbuka nilifurahi. Mjini kulikuwa na filamu ambazo watoto walifukuzwa mlangoni, ikisemwa ni za watu wazima tu. Hii yetu ilifaa watu wote.

Ikaja barabara yetu. Ukaja ule mbuyu uliopasuka. Likaja tembe letu, nikamshika bibi mkono, nikamwambia ni hapo, bibi, ni hapo, sasa hivi. Mlango ukaonekana, kamera inauendea mlango, bibi amenyanyuka nusu. Halafu pakawa na mruko mdogo, kama mtu aliyejikwaa, na tukawa kijijini, bomba linatoka maji na watu wanapiga makofi. Basi. Mama hakuwepo. Kulikuwa na matrekta, na mwalimu, na hotuba, na mwisho.

Bibi alibaki ameinama mbele. Nikamwambia aningoje, nikaenda kumtafuta baba. Nilimkuta ameshamfikia yule kijana wa kamera, maana alikuja na gari. Baba hakumfokea. Alimwuliza tu, "Mke wangu yuko wapi?"

Kijana alipoambiwa kwamba mama amefariki alikaa chini, kwenye ngazi ya gari. Alisema, "Mzee, sisi tulimweka. Tena tulimweka mwanzo kabisa. Wakubwa wamemtoa." Akaeleza, na mimi nasikia. Studio yao ilikuwa ndogo, chini ya shirika kubwa. Shirika ndilo mzazi, studio ni mtoto, akasema, na mtoto hapeleki filamu kwa wakaguzi mpaka mzazi aitazame. Huko kwa mzazi, mtu mmoja kwenye kiti laini aliona mwanamke anasiriba nyumba ambayo watu wameambiwa waihame. Akasema huyu anapinga. Anaonyesha kwamba hataki kuondoka. Mkubwa wa studio alibishana nao muda mrefu, akaambiwa achague, mwanamke au filamu. Akakata.

Baba akauliza, "Na hicho kipande?"

"Vipande vinachomwa, mzee."

Jamani, anapinga! Mama yangu, aliyefunga vyungu kabla hajaambiwa siku! Alikuwa anaaga. Mtoto yeyote wa kwetu angewaambia kwamba anayesiriba hivyo ndiye anayeondoka kweli, hana nia ya kurudi. Lakini hakuna aliyetuma mtu kuja kuuliza. Filamu ikafaa watu wote, asifae mama peke yake. Nimekuwa mtu mzima na hasira hiyo, nimezeeka nayo, na sioni aibu kusema bado ninayo.

Nilirudi kwa bibi na baba akanifuata, akasimama mbele ya kitambaa, bibi nyuma yake. Waliongea hivyo, kitambaa katikati na mimi pembeni. Bibi akaniambia, "Mwulize mkwe wangu. Mimi huku sikuona. Nadhani huku ni upande wa mgongo. Ninyi wa mbele, mmemwona?"

Ndivyo alivyofikiri. Alifikiri kitambaa kina mbele na nyuma kama nguo yoyote, na kwamba uso wa mwanawe ulibaki upande wa wale waliokaa mbele. Mbona matrekta uliyaona, bibi? Sikumwuliza. Nilimtazama baba. Ningekuwa mimi, sijui ningesema nini.

"Mwambie nimemwona," baba akasema. "Alikuwa anacheka."

Bibi akavuta pumzi ndefu. Akasema, "Ahsante, Mungu wangu." Usiku ule nilimwona baba mtu mwema kuliko wote duniani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba ilikuwa ndefu, ilimtembeza. Kila nilipokwenda kwa bibi alinituma swali. Mwulize, alikuwa amevaa nini? Mwulize, alikuwa amenenepa? Baba alijibu, maana majibu aliyajua, alikuwepo siku ile juu ya paa. Kwa muda maswali yakamfurahisha bibi. Kisha yakaanza kumla. Nilimkuta siku moja anasema peke yake, angalikaa mbele. Kwa nini hakukaa mbele? Heshima gani hiyo inayomnyima mtu mtoto wake mara mbili, mara ya kwanza mto, mara ya pili mkwe? Akaanza kula kidogo. Nikamwambia baba, na baba akakonda naye.

Bibi alikuja wakati wa kupura uwele. Tulizoea akifika anakohoa nje ya uwanja, mimi natoka, baba anaondoka kwa mlango mwingine. Siku ile hakukohoa. Aliingia moja kwa moja mpaka katikati, kichwa wazi, akasimama mbele ya baba. Baba akaangusha fimbo ya kupuria, akageuza uso. Bibi akazunguka akamfuata alikogeukia. Baba akageukia kwingine, bibi akazunguka tena. Wakubwa wawili wanazungukana juu ya uwele, na mimi nimeziba mdomo, sijui nilie au nikimbie.

"Nitazame, mkwe wangu," bibi akasema. "Mimi nimekwisha kuvunja, mwiko haupo tena. Nielezee mwenyewe, kwa mdomo wako. Uso wa mwanangu ulikuwaje?"

Baba akamtazama. Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza. Na nadhani alipouona uso huo, ambao mama aliurithi wote, pua na kila kitu, hakuweza tena.

"Mama, sikumwona. Walimkata. Hakuwepo mbele wala nyuma. Nilikudanganya nikuponye. Haki ya Mungu, hakuwepo."

Bibi akasema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililotuumiza: "Siku ile uliponiambia umemwona, hukuapa. Leo unaapa. Umechoka kuulizwa tu, mkwe wangu. Umeshiba wewe, unataka kuninyima hata masimulizi."

Baba alipiga magoti kwenye uwele. Aliapa tena, na kila alivyoapa ndivyo bibi alivyotikisa kichwa. Akajifunika kanga yake, akaondoka. Hakutuma swali tena, na hakukanyaga kwetu tena.

Mimi niliendelea kwenda. Mwishoni, alipokuwa hawezi kuamka, nilimlisha uji na kumwambia tena na tena, bibi, baba alisema kweli ile mara ya pili. Mimi mwenyewe nilimsikia yule kijana. Picha ilikatwa huko Dar es Salaam, ikachomwa. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mtoto anayemtetea baba yake, yaani kwa upendo na bila kuamini hata neno moja. Akanishika mkono.

"Wewe ulikuwa na mimi kule nyuma," akasema. "Hukuona kitu, sivyo?"

"Sikuona, bibi."

"Basi huna kosa. Tulikaa vibaya tu, mjukuu wangu. Tulikaa vibaya."