Jumamosi Kocha Verlyn Alipokata Tiketi

Verlyn Sundquist alikuja mjini kwetu Orrin akiwa na mke, nywele nyingi, na shati la mikono mifupi lililotushangaza sote, maana ilikuwa Februari na theluji ilikuwa imefika madirishani. Chuo chetu ni kidogo. Ukipiga chafya maktabani, unapewa pole bwenini. Kilimtaka afundishe mpira, huu wetu wa Nebraska wa kubebwa kifuani, wa kofia ngumu na kugongana. Alisema atakaa miaka mitatu tu. Nyumba yao ilitazamana na yetu, na mkewe, Ardis, akawa rafiki yangu.

Kazi ya watu sita aliifanya peke yake. Alifua jezi, alichora mistari ya uwanja, na msimu ulipokwisha alizunguka mashambani kuwaomba wazazi wampe vijana wao. Kushinda, alishinda kiasi. Kuna misimu tulipigwa mpaka watu wakawa wanaenda uwanjani kwa ajili ya soseji tu. Lakini hakuwahi kumtukana kijana. Akikasirika alivua kofia, akaitazama ndani kama aliyepoteza kitu humo, kisha akaivaa.

Mwaka mmoja chuo kikuu kikubwa cha Ohio kikamwita. Ardis alifurahi hata akaanza kufunga sahani kwa magazeti. Nilikuwa jikoni kwao nikimsaidia Ardis, Verlyn akaingia, akasimama mlangoni.

"Siwezi kuwaacha hawa wa mwaka wa tatu," alisema. "Mwakani ndio wanamaliza. Niliwaahidi mama zao."

Ardis hakuinua kichwa. "Verlyn, kila mwaka kuna wa mwaka wa tatu."

"Mwaka mmoja tu, mama. Mmoja huu."

"Haya," Ardis akasema, akaendelea kufunga sahani.

Hawakugombana. Laiti wangegombana. Majira ya kuchipua Ardis alipata kazi ya uuguzi Omaha, akatangulia, akapanga nyumba yenye chumba cha ziada. Verlyn alikuwa akimfuata Jumapili, halafu Jumapili moja moja, halafu sikukuu. Baada ya miaka kadhaa wakaachana kwa upole, na Ardis akaolewa na mfamasia mjane. Alimpigia Verlyn simu mwenyewe kumwambia. Verlyn aliniambia kwamba alimpa hongera, kisha akamuuliza kama huko theluji imeanza.

"Ulimuuliza theluji?"

"Sikujua niseme nini kingine."

Basi vijana ndio wakawa watu wake. Wanne watano walikuwa kila siku mezani kwake wakimmalizia maziwa. Lakini kijana wa chuo anakaa miaka minne tu. Kila kiangazi ulifika mwaliko wa harusi, na Verlyn alipiga pasi suti yake ya kijivu akaenda, hata Kansas, hata Wyoming. Walimweka meza ya nyuma pamoja na wajomba wasiosikia vizuri. Bwana harusi alimkumbatia, machozi yakimlenga, kisha akavutwa kupiga picha. Kabla keki haijakatwa, Verlyn alikuwa barabarani.

Mwishowe mkuu wa chuo, mama wa umri wa wale vijana wake wa kwanza, alimwita ofisini, akamwambia wakati wa kustaafu umefika. Walimwandalia chakula cha jioni, wakampa kiti cha mbao chenye nembo ya chuo. Akaja kocha mpya, mchangamfu, mwenye wasaidizi wanne.

Mechi ya kwanza ya msimu ule, Verlyn alikwenda uwanjani kama mtazamaji. Nilikuwa nyuma yake kwenye mstari. Binti wa langoni alikuwa mgeni, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

"Babu, karibu. Wazee wanalipa nusu. Wewe ni babu wa nani kati ya hawa?"

Verlyn alimpa pesa. "Sina mtu," akasema. "Nimekuja kuangalia tu."

Jukwaani hakujua akae wapi. Alipanda, akashuka, akasimama kwenye ngazi huku mchezo umeshaanza. Sauti nzito ikatoka nyuma: "Mzee, keti! Wewe si dirisha!"

Verlyn akageuka. Ile sauti aliijua. "Ni wewe," akasema. "Wa 'Rusha mpira, Verlyn! Unautunzia nani?'"

Yule mtu, mwenye bohari ya nafaka aitwaye Duane Kucera, aliona haya mpaka masikio. "Kumbe ulikuwa unanisikia?"

"Kila Jumamosi. Mwaka ule ulipokosa mechi tatu nilidhani umekufa."

"Nilipasuliwa nyonga."

"Pole. Kulikuwa kimya sana."

Kucera alisogea, akampa nafasi na nusu ya karanga zake. Miaka yote ile hawakuwahi kupeana mkono. Walitazama mechi bila maneno mengi, na tukashinda. Vijana walipokimbilia vyumba vya kubadilishia nguo wakiimba, Verlyn aliinuka nusu, kisha akaketi tena. Kucera akaitwa na wajukuu zake.

"Wiki ijayo nikushikie nafasi, Kocha?"

"Nitaona," Verlyn akasema.

Jukwaa likabaki tupu, yeye bado yuko pale, mikono mapajani.

Jumamosi iliyofuata hakwenda. Kutoka dirishani kwangu nilimwona akikusanya majani uani kwake. Uwanja uko karibu. Kelele zinafika mtaani kwetu. Kila watu walipopiga kelele alisimamisha reki, akainamisha kichwa, akangoja sauti ya mtangazaji kwenye vipaza sauti, kisha akaendelea. Nikavaa koti, nikavuka barabara. Nilimshikia mdomo wa mfuko, akatia majani, tukajaza mmoja, tukafungua mwingine.