Kumjibu Mkwe kwa Dadu

Kujifundisha kitu bila mwalimu kuna faida moja: unaweza kukosea kwa utaratibu, kwa muda mrefu, bila mtu kukusumbua.

Mimi ni fundi redio. Kiingereza nilijifunza katika vijitabu vya maelekezo ya mashine, na kwa Kiingereza hicho nilisoma kwenye simu kanuni za michezo ya vita vya sayari za mbali, ile inayochezwa mezani kwa askari wadogo, rula na dadu. Askari wangu ni transista zilizoungua. Kila moja ina miguu mitatu, inasimama vizuri ikigandishwa juu ya kifuniko cha bia, na hakuna aliyewahi kunithibitishia kwamba watu wa sayari nyingine hawafanani nayo. Makapteni ni kondensa kubwa za redio, zenye miguu miwili. Magofu ni makopo ya sardini. Uwanja wa vita ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya kreti mbili, uani kwetu, katika komini ya Tshopo, mtaa wa mjini kando ya mto.

Kilichonivutia ni kanuni za kujibu. Katika michezo ya kawaida, zamu ya mpinzani ikifika unatazama askari wako wakipigwa, kwa subira ya mtu anayengoja muhuri ofisini. Kanuni za kujibu zinakataa subira hiyo, kila moja kwa njia yake. Nilikuwa na mifumo mitatu. Katika wa kwanza, askari akisogea, kila adui anayemwona ana haki ya kumjibu papo hapo: apige, akwepe au ajifiche. Katika wa pili, haki hiyo ni ya yule tu aliyejinyima: askari aache kucheza zamu yake, akae macho, ndipo aweze kujibu baadaye. Katika wa tatu, maadui wakionana, pande zote mbili zinarusha dadu; mwenye nyingi anatenda kwanza, mwenzake anajibu, jibu nalo linajibiwa, mpaka mmoja aanguke au akimbie.

Nilitaka kujua upi ni bora. Nilichora jedwali kwenye daftari: kasi, uwazi, haki, ladha. Nilijaribu kucheza peke yangu, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, nikaona haiwezekani. Mtu hawezi kujishtua.

Ndipo baba mkwe wangu akaja kukaa kwetu. Alikuwa mekanisia, fundi wa injini za mashua za mtoni, miaka yote. Goti lilipokataa kazi, mke wangu akamtoa kwao Isangi ili awe karibu na matibabu. Siku ya tatu alisimama mbele ya mlango wangu wa vita, mikono nyuma.

"Hawa ni banani?"

"Ni askari, papa. Wa sayari ya mbali."

"Na bakubwa wao iko wapi?"

Nilimwonyesha kondensa. Aliichukua, akaipima uzito kiganjani, akavuta kiti.

Tulicheza kila Jumapili baada ya misa, miezi mitano. Alishinda mechi zote. Mimi nilizieleza kisayansi katika daftari: mtu aliyesoma mikondo ya mto anajua kupita magofuni. Niliandika pia kwamba mechi za mifumo yote mitatu zilichukua muda karibu sawa, na kwamba tofauti kati yao ni ndogo kuliko wanavyodhani watu wa ng'ambo wanaobishana juu yake. Nilijivunia sentensi hiyo. Niliipigia mstari kwa rula.

Siku moja nilimkuta mzee anakunja mashati yake kwenye begi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Anarudi Isangi," aliniambia. "Mashua ya Jumanne. Muulize wewe, mimi hanijibu."

Nilimuuliza kwa adabu, nikitazama chini.

"Hapa munanilinda kama yai," alisema mzee. "Nikisema mvua itanyesha, munasema ndiyo papa. Haikunyesha, munasema ndiyo papa. Kule bandugu yangu wananitukana vizuri. Na wewe, bokilo, wewe ndiye mubaya zaidi."

"Mimi, papa?"

"Leta ile meza yako ya vita."

Bokilo ni neno letu la mkwe, na lina uzito. Bokilo hakatwi neno. Bokilo hajibiwi, akikosea unasubiri amalize, kisha unakubali. Nilimuoa binti yake miaka kumi na tisa iliyopita na sijawahi kumkatiza mzee sentensi hata moja.

Alipanga askari mwenyewe, akasema tucheze mfumo wa kwanza. Halafu akamsogeza kapteni wake kutoka nyuma ya kopo mpaka katikati ya uwazi, mbele ya mpigaji wangu hodari. Akaacha mkono hewani.

"Huyu wako iko na macho?"

"Anayo, papa."

"Anaona kapteni yangu?"

"Nadhani kopo linamzuia kidogo."

"Kopo gani? Kopo iko kule! Miezi tano natembea mbele ya bunduki zako kama niko sokoni, na hakuna hata moja inakohoa. Mashine yako inatembea na silinda moja. Unafikiri sisikii?"

Nilifungua daftari, nikatafuta mechi hata moja ambamo askari wangu alimjibu. Haikuwepo. Kila mara nilikuwa nimeandika sababu: mbali mno, kivuli, dadu ihifadhiwe. Kwa miezi mitano nilikuwa nimelinganisha mifumo mitatu ya kujibu bila kujibu.

"Bon," alisema mzee. "Kapteni yangu anatembea. Ukinyamaza, Jumanne nimeondoka."

Nilirusha dadu. Sita. Nilisema, kwa sauti ninayotumia kanisani, kwamba kapteni wa papa amekufa.

Mzee akainama mpaka shavu likagusa mlango, akafumba jicho moja.

"Haiwezekani. Mguu wake iko nyuma ya kopo."

"Mguu mmoja kati ya miwili, papa. Kanuni inataka afichike zaidi ya nusu."

"Kanuni iliandikwa na mutu hajawahi kupigwa risasi!"

"Papa, umesema mwenyewe kopo liko kule!"

Nilikuwa nimemkata neno. Nilisikia nimefanya hivyo, na sikusimama, nilichukua rula. Naye alichukua yake. Tulibishana kuhusu mguu ule wa kondensa muda mrefu kuliko mechi yenyewe, mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kwa nini nampigia baba yake kelele.

"Wewe rudi," mzee alimwambia bila kugeuka. "Hii haiko zamu yako."

Jumanne mashua iliondoka bila yeye. Alisema hawezi kusafiri na kapteni aliyekufa kwa dhuluma. Mimi nilichana kurasa za jedwali nikaanza upya, na mbele ya mfumo wa kwanza, kwenye safu ya haki, niliandika sifuri kwa kalamu ya risasi, ili iweze kufutwa, kwa kuwa bado tunabishana.